Daktari Nyuok Yuko Zamu

Mimi nauza ndizi hapa Rodi Kopany, na kabla hujaniuliza: ndiyo, mimi ni Mkisii, na la, sipunguzi bei. Jina langu ni Nyatichi. Wajaluo wa hapa wananiita nyar Kisii, yaani binti wa Kisii, na wateja wakorofi wananiita majina mengine nikiwapa kisogo. Nimekaa soko hili mpaka Kijaluo kimeniingia kwenye mifupa. Siku hizi nikigombana na mtu, maneno makali yanatoka kwa Kijaluo kwanza, ndipo nakumbuka kwamba mimi ni Msabato, natubu.

Jirani yangu wa kibanda ni Nicodemus Onyango, fundi wa simu. Mikono yake ni mizuri, simu iliyoanguka chooni anaifufua. Shida yake ni mdomo. Kila siku ya soko, kabla wateja hawajajaa, anaishika simu yake, anasafisha koo, anageuza sauti iwe nzito kama ya mtangazaji wa taifa, halafu anarekodi kitu anachokiita Habari za Kweli Kabisa. Anakirusha kwenye grupu la WhatsApp la soko. Kutoka hapo watu wanakirusha Homa Bay mjini, Mbita, Rongo, mpaka Migori na huko mpakani.

Na anachekesha, sitamnyima haki yake. Kuna siku alitangaza kwamba mheshimiwa mmoja amehudhuria mazishi na hakuomba kipaza sauti, na familia ya marehemu kwa wasiwasi imempeleka kupimwa malaria. Siku nyingine akasema bei ya unga imeshuka mpaka watu wanaona haya kuununua mchana. Akasema bima mpya ya afya imeanza kazi vizuri, kinachotakiwa ni mgonjwa avumilie asiugue sana mpaka mtandao urudi. Hiyo ya bima tulicheka huku tukitazamana, kwa sababu kila mtu alikuwa na mgonjwa nyumbani.

Kila mara anamaliza kwa neno moja: "Thu tinda!" Kama wewe si Mjaluo nitakufafanulia, na ushike vizuri, kwa maana hapa ndipo kisa chote kilipolala. Bibi wa Kijaluo akiwasimulia wajukuu ngano, za sungura na fisi na majitu, anapofika mwisho anasema thu tinda. Maana yake hadithi imekwisha, na kila mtoto anaomba akue awe mrefu kama mti wa kwa mjomba wake. Kwa hiyo Mjaluo yeyote akisikia taarifa ya habari imemalizika kwa thu tinda, anajua alikuwa akisimuliwa ya fisi na sungura. Ndio utamu wenyewe. Ukiliondoa neno hilo, kilichobaki ni uongo tu.

Sasa, nyuma ya soko letu kuna jengo. Lilikusudiwa kuwa kituo cha afya. Mheshimiwa wa kwanza alikuja akaweka jiwe la msingi, tukapigiwa ngoma, tukala wali. Akashindwa uchaguzi. Mheshimiwa wa pili akaja, akang'oa jiwe la mwenzake, akaweka la kwake lenye jina lake, tukala wali tena. Kuta zikapanda, paa likaja, kibao kikapigwa rangi. Milango haikuja. Dawa hazikuja. Waliohamia ni mbuzi za Marcella, huyu mama anayeuza sukuma wiki mkabala na mimi. Beberu lake kubwa, lenye ndevu nyeupe, linalala pale kwenye meza ya saruji ya mapokezi, na ukilichungulia linakutazama kana kwamba umekuja bila miadi.

Beberu kwa Kijaluo ni nyuok. Basi Nicodemus akatangaza: "Wananchi wa Rodi Kopany na viunga vyake, kituo chenu cha afya kimefunguliwa! Mashine za kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo zimewekwa, nazo zinalia upweke, hakuna foleni. Mgonjwa anapokelewa kwa chai na mayai. Daktari bingwa, Daktari Nyuok, mwenye ndevu na uzoefu, yuko zamu mchana na usiku, habagui tajiri wala maskini. Thu tinda!"

Soko lilicheka mpaka Marcella akadondosha kisu. Na mimi nilicheka, kwa nini nikudanganye?

Ilipita kama wiki. Siku ya soko nyingine nikiwa napanga mikungu, nikasikia mtu nyuma yangu: "Shikamoo, mama." Hapa kwetu ukipewa shikamoo unageuka kuangalia kama kuna mtu mwingine, mwenye heshima zake. Nikageuka. Alikuwa mwanamume mrefu wa makamo, koti safi, viatu vina vumbi la safari. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, cha watu wa mpakani, Wakuria wanaosikiliza redio za Tanzania. Begani kwake ameegemea mwanamke aliyejifunga leso mbili. Uso ulikuwa umevimba mpaka macho yamekuwa madogo. Miguu haikuingia kwenye viatu, ilikanyaga juu yake.

"Marahaba, baba," nikasema. "Karibuni. Mwekeni mgonjwa kwenye kigoda."

"Asante, mama. Mimi naitwa Matiko, huyu ni mke wangu, Mellen. Tumetoka mbali, tumelala njiani. Naomba tu utuelekeze." Akashusha sauti kwa adabu. "Tunamtafuta Daktari Nyuok."

Marcella ndiye alianza. Aliangua kicheko, akakipokeza kwa muuza nyanya, na muuza nyanya kwa watu wa mitumba, na kabla sijafumba mdomo wangu safu nzima ilikuwa inajipiga mapaja. "Daktari Nyuok! Wuuui! Ana miadi!" Yule baba akatabasamu kidogo kwa haya. Nadhani alidhani tunacheka matamshi yake. Akajaribu tena, polepole, akilitamka vizuri zaidi. "Nyu-ok. Wa figo."

Nikaona mkono wa yule mama. Ulikuwa unashika ukingo wa meza yangu, na pale ukingo ulipobonyeza, mashimo yalibaki kwenye ngozi. Nikawageukia wenzangu nikawaambia neno la Kijaluo ambalo sitaliandika, nimeshalitubia. Wakanyamaza.

"Baba, nani amekuambia habari za huyo daktari?"

"Ilitangazwa," Matiko akasema. Akatoa simu kifuani, akaibonyeza kwa uangalifu. Ikatoka ile sauti nzito: wananchi wa Rodi Kopany, mashine zinalia upweke, chai na mayai. Aliisikiliza yote tena akiitikia kwa kichwa, mpaka ile thu tinda ya mwisho. "Unaona? Na mtangazaji mwenyewe anataja jina lake. Bwana Thu Tinda. Mtu mwongo hataji jina lake mbele ya watu."

Nikamtazama Nicodemus. Alikuwa ameinamia simu ya mtu aliyoifungua kifuniko, bisibisi mkononi, hageuzi shingo. Masikio yake yalikuwa yamesimama.

"Leo hii ndiyo ilikuwa zamu ya mke wangu," Matiko akaendelea, "kule hospitali tulikopangiwa. Kusafishwa damu. Tumeingoja zamu hiyo siku nyingi, mama, na mashine zao ni chache, watu wanapigania. Shemeji yangu yuko kisiwani Mfangano, anafanya kazi ya uvuvi, ndiye alitutumia tangazo hili. Tukashauriana: kwa nini tukabanane kule, na hapa mashine zinakosa watu? Tukaiacha ile zamu, apewe mwenye shida zaidi."

Apewe mwenye shida zaidi. Wote waliokuwa wanacheka sasa hivi kila mmoja alipata kazi ya kupanga nyanya.

Matiko hakungoja. Alikuwa ameshakiona kile kibao nyuma ya soko, maandishi makubwa ya rangi ya buluu. "Si ndicho kile?" Akamwinua mkewe, wakaanza kwenda, hatua ndogo ndogo. Nikamwachia Marcella ndizi zangu nikawafuata. Nyuma yangu nikasikia bisibisi ikianguka, Nicodemus naye akaja. Na soko, Mungu alisamehe, likaja pia, kwa mbali, kama watu wanaofuata maiti.

Walipofika kwenye ule mlango usio na mlango, Matiko akavua kofia. Akamkalisha Mellen kwenye baraza. Akajipangusa vumbi la koti, akasogea kizingitini, akaita, "Hodi!"

Jengo tupu likamrudishia sauti yake. Akaita tena, "Hodi wenyewe!" Ndipo kwato zikasikika kwenye sakafu, ko, ko, ko, na beberu la Marcella likatoka, likitafuna, ndevu zinacheza. Likasimama mbele ya Matiko. Likamtazama yeye, likamtazama mgonjwa.

Hakuna aliyecheka. Mpaka Mellen.

"Baba Mirumbe," akamwambia mumewe, na pumzi ilikuwa inamkata katikati ya maneno, "huyu ndiye daktari?" Akaanza kucheka. Alicheka bila nguvu, mabega yakitikisika, akamshika mumewe mkono asianguke. Beberu likamsogelea likamnusa kiganja. "Jamani. Ana ndevu kweli. Tumshukuru. Kule kwingine nimekaa mlangoni siku kutwa, hata mbuzi hakutoka kunitazama."

Nicodemus akapita katikati yetu. Uso wake ulikuwa umekwajuka. "Kaka," akamwambia Matiko, "ile sauti ni yangu. Nilikuwa nachekesha watu tu. Hakuna mashine. Hakuna kitu hapa."

Matiko akamgeukia. "Wewe ndiye Bwana Thu Tinda?"

Nicodemus akanitazama mimi, nikamtazama yeye. Ungeanzia wapi kumfafanulia mtu ngano za sungura, na mkewe anahema hivyo? "Ndiyo," akasema. "Ni mimi."

Nilidhani Matiko atampiga, na ningemshikia koti. Matiko akavaa kofia yake. "Wazee walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha," akasema kwa sauti ya chini. "Sasa nirudi naye wapi, bwana? Niambie wewe unayejua habari."

Nicodemus akatoa simu palepale. Hakugeuza sauti. Akarekodi: kuna mama mgonjwa wa figo Rodi Kopany, anahitaji gari sasa hivi la kumkimbiza hospitali yenye mashine, mwenye gari atokee, tafadhali. Akairusha kwenye grupu. Tukangoja. Simu ikalia, ting, ting, ting. Nikachungulia. Vikatuni vya kucheka vimepangana, vinatoa machozi. Mmoja ameandika: "Nico utatuua! Mwambie Daktari Nyuok amuazime baiskeli." Mwingine: "Leo umesahau thu tinda, ama inakuja sehemu ya pili?"

Akarekodi tena, akiapa kwa kaburi la baba yake. Wakacheka zaidi. Sijawahi kuona mtu akilia ukweli na watu wakimshangilia hivyo. Nikamnyang'anya ile simu.

"Ninyi mnaocheka," nikasema, "mimi ni Nyatichi wa ndizi. Nimewahi kumchekesha nani hapa? Kuna mke wa mtu anakata pumzi hapa kwenye hili gofu mlilopigiwa ngoma mkala wali wake, na mimi pia niliula. Mwenye gari ambaye hatakuja, asinunue ndizi kwangu mpaka afe, na akifa sitaleta hata shada!" Niliongeza na mengine.

Pikapu ilikuja. Bonface, dereva anayebeba omena, dagaa wa ziwani, kutoka Mbita, alisema aliposikia nyar Kisii akifoka alijua jambo ni la kweli. Tukatandika magunia nyuma, tukamlaza Mellen kichwa kwenye mapaja ya mumewe, na Nicodemus akapanda nao. Nikampa Mellen mkungu mdogo wa ndizi, za kula njiani. Akaupokea kwa mikono miwili kwa heshima, ingawa wote tulijua hatazila.

Nicodemus alirudi kesho yake, nguo zinanuka omena. Walifika. Wahudumu waliwapokea vizuri, hakuna aliyewatukana, lakini ile zamu ilikuwa imeshapewa mtu, kama walivyoomba wenyewe, na mashine zilikuwa zimejaa. Wakaambiwa wasubiri ipatikane nafasi. Aliwaacha wakisubiri. Hakufungua kibanda siku hiyo wala hakurekodi kitu. Watu wakawa wanapita wakiuliza, "Nico, leo hakuna habari?"

Sisemi Nicodemus ndiye alimuua yule mama. Wala sisemi siye. Nawafikiria wale waheshimiwa walioweka mawe, mmoja baada ya mwingine, na wali wao mtamu. Wao waliongopa mchana kweupe kwa kipaza sauti, na hawakuweka thu tinda mwishoni. Wangeiweka, angalau tungejua.

Maana alikufa. Matiko alipiga simu tukiwa kibandani, Nicodemus akaiweka kwa sauti ya wazi, mikono yake ilikuwa na gundi. "Bwana Thu Tinda," Matiko akasema, taratibu, kwa adabu yake ile ile. "Mellen ametutoka jana. Bado tulikuwa tunasubiri. Nimeona nikuambie, maana ulisafiri nasi."

"Pole, kaka. Pole sana," Nicodemus akasema.

"Nina ombi. Yule shemeji yangu, Nchagwa, kaka yake, nampigia hapatikani, mtandao wa kisiwani unawakatikia. Lakini matangazo yako yanamfikia, wavuvi wanarushiana. Mtangazie. Tunamzika Jumapili, bila yeye hatuwezi kufukia. Na mwishoni, bwana, usisahau kutaja jina lako kama kawaida. Asije akadhani ni uongo."

Simu ilipokatika Nicodemus aliketi chini, kwenye vumbi, mtu mzima. "Mama Bitutu," akaniita, kwa jina la binti yangu, jambo asilolifanya ila akiwa taabani, "nitasemaje?"

"Utasema jina lako," nikamwambia. "Lile ulilopewa na mama yako."

Akarekodi. Nilisimama karibu nikasikia kila neno. Akasema Mellen, mke wa Matiko, mama yake Mirumbe, amefariki. Akasema mazishi ni lini na wapi. Akamtaja Nchagwa aliyeko Mfangano, kwamba nyumbani wanamngoja, na akataja namba yake mwenyewe ya kupigiwa. "Mimi ni Nicodemus Onyango, fundi wa simu, Rodi Kopany." Akanyamaza kidogo, kwa mazoea, mdomo umebaki wazi. Kisha akabonyeza kuirusha. Vikatuni vya kucheka vikaja, vichache, halafu havikuja tena.

Jua lilikuwa bado lipo juu simu ilipolia, namba ngeni, Nicodemus akaiweka tena kwa sauti ya wazi. Upepo ulikuwa mwingi upande wa pili, na maji yalikuwa yanapiga ubavu wa boti.

"Ni mtangazaji? Mimi Nchagwa, niko Mfangano. Nimesikia tangazo." Sauti ilikuwa ya kijana, inajilazimisha kuwa changamfu. "Lakini hukumaliza, bro. Nimelisikiliza tena na tena. Hujamaliza."

Nicodemus akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Mimi nimekaa na Wajaluo, najua. Wewe unamalizaga na lile neno. Ile ya Daktari Nyuok nilimtumia dada ili acheke, basi. Alikuwa hacheki tena tangu augue. Nilijua atajua ni mchezo." Upepo ukampokonya maneno mengine, yakarudi. "Sema thu tinda. Sema tu, mimi nitacheka, nirudi kazini. Sitakukasirikia."

Nicodemus alishika simu kwa mikono miwili. Midomo yake ilikuwa inatafuta, na niliogopa atalisema, kwa huruma tu atalisema. Nikaichukua simu.

"Nchagwa, mwanangu," nikasema, "mimi ni mama mmoja wa hapa sokoni. Neno hilo leo halipo. Nilikuwepo walipokuja. Dada yako alicheka. Alimwona yule beberu, akasema ana ndevu kweli, akacheka mpaka akamshika Matiko mkono."



"Basi ni kweli," akasema, na simu ikakatika.